Gramafoni za Karatu na Wenyewe

Hapa Karatu, ukikuta gramafoni ya zamani popote, iwe sebuleni kwa mtu, kwenye duka la vinyago au mapokezi ya hoteli, utaambiwa ilikuwa ya Mjerumani. Hutaambiwa Mjerumani gani. Utatajiwa Oldeani, utatajiwa kahawa, labda na mwaka 1928, na maelezo yataishia hapo kwa sababu msikilizaji huwa ameshatosheka. Nimeishi kwa kufungua na kutengeneza mashine hizi tangu ujana wangu. Naandika haya kwa sababu maelezo hayo mara nyingi si ya kweli, na kila yanaporudiwa kuna mtu wa hapa hapa anayefutwa.

Lakini maelezo hayo hayakutoka hewani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro. Waingereza walipowaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika mwaka 1925, wengi walikuja kupanda kahawa Oldeani na kwenye miteremko inayopakana na msitu wa Ngorongoro. Nyumba ya shamba ambayo leo watu wanaijua kwa jina la Gibb's Farm ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1929. Septemba 1939 vita vilipoanza wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, na mali zao zikachukuliwa na serikali kama mali za adui. Bila shaka wapo waliokuwa na gramafoni, na bila shaka baadhi ya gramafoni hizo zilibaki.

Angalia basi miaka hiyo imetupa nini. Mashine ikidaiwa kuwa ya akina Siedentopf, lazima iwe imetengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ikidaiwa kuwa ya mkulima wa Oldeani, lazima iwe imetoka kiwandani kabla ya Septemba 1939. Fundi anayejua kusoma mashine anaweza kulijibu hilo kwa muda mfupi, bila kubishana na mtu.

Kusoma huko nilifunzwa na mzee mmoja wa Arusha, fundi wa saa na redio, ambaye aliniita binti yangu tangu siku ya kwanza ingawa watu walimshangaa kwa kumfundisha msichana. Mzee hakupenda kuanza na maneno ya mwenye mali. Alisema mwenye mali anakwambia alichoambiwa. Yeye aliigeuza mashine, akafungua skrubu za ubao unaobeba mtambo, akauinua, akatazama chini yake kabla hajatazama kitu kingine chochote. Mnadani Karatu, ile tarehe 7 ya mwezi, mnunuzi makini wa ng'ombe hafuati anayosifiwa na muuzaji; anafungua kinywa cha mnyama anahesabu meno. Mzee alifanya vivyo hivyo, na ndivyo ninavyofanya.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni skrubu. Skrubu yenye mfereji mmoja, inayofunguliwa kwa bisibisi bapa, haikwambii lolote, maana imekuwepo karne na karne. Lakini skrubu ya nyota ilipewa hataza Marekani mwaka 1936, kwa jina la Henry Phillips, na ilichukua muda kusambaa. Ukiikuta kwenye gramafoni inayosemwa ni ya mwaka 1925, mkono mwingine umepita hapo baadaye. Haina maana kwamba mashine ni ya uongo. Ina maana kwamba kuna fundi aliyeifungua, na ukitafuta zaidi huenda ukamkuta. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwaruza tarehe kwenye kasha la springi, au kuandika kwa penseli upande wa chini wa ubao, kila walipobadilisha springi iliyokatika. Nimewahi kuona tarehe mbili za mafundi tofauti kwenye kasha moja.

Cha pili ni kichwa, yaani kile kiduara cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano. Ndani yake mna utando mwembamba unaotikisika na kutoa sauti. Kwa miaka mingi utando huo ulikuwa wa ulanga, yale madini ya vipande vinavyong'aa ambayo Wajerumani walikuwa wakiyachimba huko Uluguru. Mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kurekodi kwa umeme, sauti kwenye santuri zikawa na upana ambao haukuwepo awali, na miaka michache baadaye vichwa vya ulanga vikaanza kuwapisha vya alumini. Kwa hiyo ulanga hukupeleka nyuma, alumini hukuleta mbele. Ila Mzee alinionya, na onyo hilo limeniokoa mara nyingi: kichwa ndicho kiungo kinachobadilishwa kuliko vyote. Kinaanguka, kinapasuka, kile cha aloi ya zinki kinavimba chenyewe mpaka hakitoki mkononi. Kichwa kipya juu ya mashine ya zamani ni jambo la kawaida. Usimhukumu mtu kwa kichwa peke yake.

Kisha kuna mbwa. Watu wengi wakimwona yule mbwa anayesikiliza baragumu wanadhani wamepata jibu. Picha hiyo ilichorwa na Francis Barraud, mbwa akiitwa Nipper, na kampuni ya Gramophone ya Uingereza iliinunua mwaka 1899. Lakini kwenye lebo za santuri za kampuni hiyo mbwa alianza kuonekana karibu mwaka 1909. Kabla yake kulikuwa na malaika anayeandika kwa unyoya. Kati ya mwishoni mwa 1900 na mwishoni mwa 1907 kampuni iliitwa Gramophone & Typewriter, kwa kuwa ilijaribu pia kuuza mashine za kuandikia, na ukiliona jina hilo kwenye kibati umepata kipindi kifupi sana. Ukiona herufi EMI, usirudi nyuma ya 1931, mwaka ambao Gramophone na Columbia ziliungana. Na mbwa huyo huyo si lazima awe Mwingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Deutsche Grammophon ya Ujerumani iliyokuwa imetenganishwa na ndugu zake wa London iliendelea kumtumia kwao, na santuri zake za kuuzwa nje ikazipa jina la Polydor kuanzia 1924. Mashine ya Kijerumani mara nyingi hujitambulisha kwa herufi D.R.G.M. au D.R.P., alama za kulinda ubunifu na hataza za dola lao. Nikiambiwa gramafoni ni ya Mjerumani natazama herufi hizo kwanza, ingawa Mjerumani wa Oldeani aliweza pia kununua mashine ya Kiingereza dukani Arusha au Moshi.

Kuhusu tarehe za hataza zilizochorwa kwenye vibati niseme neno moja tu. Tarehe ya mwisho kwenye orodha inakwambia mashine haikutengenezwa kabla ya hapo. Haikwambii ilitengenezwa lini. Nimeshaona kadi ya maelezo imeandikwa 1898 kwa sababu mtu alisoma tarehe ya kwanza kwenye kibati cha mashine iliyotoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Zinazotuchanganya zaidi hapa kwetu si zile zenye baragumu. Ni masanduku meusi ya kubebwa mkononi, yaliyovikwa kitambaa kinachofanana na ngozi. Wazo la gramafoni ya kufunga kama sanduku lilipata umaarufu na Decca ya mwaka 1914, iliyobebwa mpaka kwenye mahandaki ya vita. His Master's Voice, yaani ile kampuni ya mbwa, walitoa yao, namba 101, mwaka 1925, na mwaka 1931 wakaleta namba 102 iliyoendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1950. Hizi mbili ndizo zinazojaa katika nyumba za nyanda hizi, na mtu akiziweka pamoja zimefungwa, asiyezizoea hawezi kuzitenganisha.

Hoteli moja ya kitalii iliniita kwa ajili ya jozi kama hiyo. Zilikuwa juu ya meza mapokezi, zimesuguliwa zikang'aa, na kadi ikisema mkulima Mjerumani alizinunua pacha mwaka 1928. Vibati vya namba vilikuwa vimetolewa, kwa sababu ya kutu, nilivyoambiwa. Nikaomba ruhusa ya kuzifungua. Ya kwanza ilikuwa na kichwa cha ulanga, namba 4, kile kinachokwenda na 101, na tundu la ufunguo lilikuwa ubavuni. Kwenye 101 za mwanzo kabisa tundu liko mbele, baadaye wakalihamisha. Mwaka 1928 ulikuwa unawezekana kabisa kwa mashine hii. Ya pili ilikuwa 102. Mkono wake ni mwingine, kichwa chake cha alumini ni kile cha 5B kilichokuja nyuma ya namba 16 na 5A, na breki yake hujifunga yenyewe santuri ikimalizika. Hakuna mtu duniani aliyeinunua 102 mwaka 1928.

Lakini kilichonishika siku ile kilikuwa chini ya ubao wa ile ya kwanza, ile iliyokuwa na haki ya kuitwa ya Mjerumani. Bawaba zake zilikuwa na skrubu za nyota. Nilipogeuza ubao nikaona maandishi ya penseli, mkono mzuri wa mtu aliyesoma, kwa Kiswahili: springi mpya, Mbulu, 1961. Mwaka wa Uhuru. Basi hata kama mkulima wa Oldeani aliinunua kweli, alikaa nayo kwa miaka kumi na moja hivi kwa makadirio ya juu. Baada yake kuna watu walioitunza, wakalipia springi, wakaibeba mpaka Mbulu na kurudi, kwa muda mrefu kuliko yeye. Watu hao hawakuwa na mstari hata mmoja kwenye kadi.

Meneja alinisikiliza kwa heshima. Akasema, "Dada, umenifundisha, asante sana. Ila wageni wetu wanaipenda hii ya Mjerumani." Kadi ikabaki.

Nilitoka nikiwa na uchungu ambao sikuweza kumweleza pale pale. Wageni hawana kosa. Wanalala kwenye ukingo wa kreta, meta 2,300 juu ya bahari, baridi na ukungu mlangoni, na kila kitu wanachooneshwa kinawaambia kwamba historia ya hapa ni ya watu waliokuja kutoka mbali. Mwiraqw kwenye masimulizi hayo ni kibarua, Mmaasai ni mapambo. Kwamba Mwiraqw aliweza kuingia dukani, akachagua mashine, akalipa na kurudi nayo Karatu jioni akawaita jirani zake, hilo halina nafasi kwao.

Na ushahidi upo wazi. Mwaka 1928 His Master's Voice walimpeleka Siti binti Saad na kundi lake kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Kampuni haiwasafirishi waimbaji kuvuka bahari kwa hisani. Iliwasafirisha kwa sababu ilijua kuna Waswahili wenye gramafoni, au watakaozinunua wakisikia sauti ya kwao ikitoka humo, na santuri hizo ziliuzika mpaka makampuni mengine, Odeon na Columbia miongoni mwao, yakakimbilia pwani yetu. Kuanzia 1933 zikaja santuri za mfululizo wa GV zenye muziki wa Kuba, ambazo ziliwafunza vijana wengi wa Afrika namna ya kucheza, na Salum Abdallah wa Morogoro akaanzisha Cuban Marimba akiwa na sauti hizo masikioni. Miaka ya 1950 palikuwa na lebo ya Jambo ya Nairobi na Mzuri ya Mombasa, na huku kwetu kaskazini Frank Humplick na dada zake Thecla na Maria walikuwa wakiimba kutoka Kilimanjaro. Santuri hizo zote zilihitaji mashine ya kuzipiga, na umeme vijijini haukuwepo. Sanduku jeusi la kutia ufunguo lilikuwa ndilo jibu.

Ndiyo maana nilifurahi kuitwa Rhotia, kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake alitaka kuuza gramafoni ya baba yake bibi huyo. Nilimkuta bibi amekaa juani mbele ya nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayejua mashine? Basi mwambie huyu mtoto."

Mjukuu alikuwa ameshapata mteja, na mteja alitaka ya Mjerumani. Kwa ya Mjerumani angelipa karibu mara mbili. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na ada za shule za wadogo zake. Aliniomba niandike tu kipande cha karatasi kwamba ni ya kabla ya vita.

Nikaifungua. 102, kibati kipo, na kichwa ni 5B. Kwa hayo peke yake sikuweza kusema sana, kwa kuwa 102 ya 1938 na ya miaka ya 1950 zinakaribiana mno. Ndipo nikatazama ndani ya kifuniko, kwenye mfuko wa kuwekea santuri, na chini ya santuri za mwisho palikuwa na risiti iliyokunjwa mara nne, ya duka la Arusha, ya mwaka 1954. Jina la mnunuzi lilikuwa limeandikwa kamili. Bibi hakuhitaji kuisoma. Alisema baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano, alilima na kipande chake mwenyewe, na mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri. Alikwenda Arusha kununua bati za nyumba. Akarudi na bati chache kuliko alizokusudia, na sanduku jeusi.

"Mama alinuna wiki nzima," bibi alisema. "Halafu jioni ya Jumapili akacheza."

Alinieleza mengine ambayo hakuna kibati kingeweza kunieleza. Sindano za chuma zilikuwa za kutumia upande mmoja tu wa santuri na kutupa, na zilikuwa ghali, kwa hiyo baba yake alichonga miiba, akaikausha juu ya moto na kuipachika kwenye kichwa. Sauti ilikuwa ndogo lakini santuri hazikuchakaa haraka. Nilimwambia kwamba Uingereza kwenyewe sindano za miiba ziliuzwa madukani miaka ya 1930, na watu waliozijali santuri zao walizipenda kuliko za chuma. Alinitazama kama mtu anayesikia jambo analolijua. Kwake halikuwa la ajabu kwamba baba yake alifikiri sawasawa na watu wa London.

Sikuandika karatasi aliyoitaka kijana. Niliandika nyingine: aina ya mashine, kichwa, hali ya springi, mwaka wa risiti, jina la mnunuzi wa kwanza na kazi yake, na habari ya miiba. Nilimwambia kijana kwamba karatasi hii ndiyo yenye thamani. Gramafoni za 102 ziko nyingi duniani, lakini zenye risiti na jina la mwenyewe ni chache sana, na mteja anayejua mambo atalipia hilo. Mteja wake hakulipia. Alitoa bei ya chini na kuondoka nayo, na kijana alihitaji fedha. Risiti alibaki nayo bibi, kwa shauri langu, na karatasi yangu niliibandika chini ya ubao wa mtambo, mahali ambapo huwezi kuiona bila kufungua skrubu.

Siku hizi linaingia tatizo jingine, gramafoni mpya zenye baragumu la shaba na kisanduku cha pembe nane, zikiwa na nembo ya mbwa. Nyingi zinaundwa India kwa mitambo ya masanduku mabovu. Utazitambua kwa baragumu jepesi linalong'aa mno, mbao changa zilizopakwa rangi ya uzee, na kiwiko kinene cha chuma nyuma ambacho hakuna kiwanda cha zamani kingekikubali. Mtu akitaka pambo, anunue. Ila nimeshaona familia ikitoa 102 halisi ya babu yao, ikaongezwa fedha juu, kwa ajili ya moja ya hizo, kwa kuwa yenye baragumu ndiyo inayofanana na picha. Hilo linaniuma kuliko hata kadi ya hoteli.

Kwa hiyo ninapopita Endabash, Mang'ola, Oldeani au popote wanaponiita, ninaomba mambo machache kabla ya fedha kutajwa. Fungua ubao utazame chini. Usisugue kibati. Usitupe karatasi yoyote iliyo ndani ya kifuniko, hata ikiwa imeliwa na mende. Andika namba ya mashine na herufi zake kwenye daftari la nyumbani. Kama yupo mzee anayemkumbuka aliyeinunua, muulize sasa: alikuwa akifanya kazi gani, aliinunua wapi, mwaka ule mvua ilikuwaje, santuri gani ilipigwa mpaka ikafa. Kisha andika jina lake kwa penseli chini ya ubao, si kwa kalamu ya wino, maana wino hufifia na penseli hubaki, na weka tarehe.